Wasomaji Wanauliza: Kuitembelea Alhambra na Mwongozaji Wako Mwenyewe

Makala yetu fupi kuhusu Alhambra, kasri na ngome ya masultani wa mwisho wa Kiislamu nchini Hispania, iliyo juu ya kilima cha Sabika mjini Granada, imetuletea barua nyingi. Wengi wenu hamuulizi tena kama mahali hapo panafaa kutembelewa. Mnauliza namna ya kwenda, na hasa kama ni busara kumlipa mwongoza watalii awatembeze ninyi peke yenu. Hapa nimejibu barua ambazo maswali yake yanawagusa wengi, na pale barua ilipokuwa ndefu nimeifupisha.

*Mhariri, mimi na mume wangu tutapita Granada kwa siku moja mwezi wa Mei. Wakala mmoja anatutaka tulipe bei inayozidi tiketi ya kawaida mara kadhaa, akisema ni ziara binafsi. Je, tukilipa tutafunguliwa kasri peke yetu? Na kama sivyo, fedha hizo tunalipia nini?*

Hapana, dada yangu, hamtafunguliwa mlango peke yenu, na wakala anayewaacha mfikiri hivyo hawatendei haki. Makasri ya Wanasri, yaani yale ya ukoo wa Banu Nasr ambayo ndiyo kiini cha Alhambra, huingiwa kwa zamu: kila nusu saa huruhusiwa idadi maalumu ya watu, na saa yenu imeandikwa kwenye tiketi. Mwenye mwongozaji wake na asiye naye wote wanafungwa na saa hiyo, na atakayeikosa zamu yake hataingia sehemu hiyo hata kama tiketi inamruhusu kutembea bustanini hadi jioni. Tiketi huwa na jina la mwenyewe, kwa hiyo kila mmoja wenu awe na pasipoti yake mkononi, asiiache hotelini.

Fedha mnazolipa zinanunua kitu kingine, ambacho kwangu mimi kina thamani kuliko mlango wa peke yenu, nacho ni mwendo wenu wenyewe. Kundi la kawaida linaweza kufika watu 30, na mwongozaji wake, hata awe hodari namna gani, hulazimika kuzungumza kupitia vifaa vya masikioni huku akiitazama saa na kuwahesabu watu wake kila wanapovuka kizingiti. Hawezi kusimama robo saa mbele ya ukuta mmoja kwa sababu tu nyinyi wawili mmeupenda, wala hawezi kurudi nyuma kujibu swali lililowajia katika ukumbi uliopita. Wa kwenu ataweza.

Tena utaratibu wa mahali penyewe unampendelea mtu asiye na haraka, kwani zamu inabana saa ya kuingia lakini haibani saa ya kutoka. Mkishaingia katika makasri mnaweza kukaa kadiri mpendavyo, ila mkitoka hamwezi kurudi. Mwambieni basi mwongozaji wenu mapema kwamba mnataka kuingia dakika za mwisho za zamu yenu, makundi makubwa yakiwa yametangulia, kisha mkae katika Ua wa Mihadasi, uwanja wa ndani wenye hodhi ndefu ya maji, mpaka msongamano uendelee mbele. Baina ya zamu moja na inayofuata hupatikana dakika chache ambazo ukumbi huwa karibu mtupu, na mwongozaji mzoefu anajua kuzivizia.

Kabla ya kulipa, mtakeni wakala aandike waziwazi kwamba makasri ya Wanasri yamo katika bei hiyo na kwamba zamu yenu ni saa ngapi, kwa sababu zipo ziara zenye tiketi ya bustani na ngome tu, na zipo zinazoitwa binafsi ilhali ni kikundi kidogo cha watu wasiojuana. Hakikisheni pia kwamba mwongozaji ana kibali cha serikali ya jimbo, Junta de Andalucía, kwa sababu kuongoza watalii huko ni kazi ya watu waliosajiliwa. Halafu tazameni bei rasmi ya tiketi kwa taasisi inayosimamia mahali hapo, Patronato de la Alhambra y Generalife, mwiondoe katika bei mliyopewa. Kinachobaki ndicho wanachogawana wakala na mwongozaji. Kwa watu wawili wenye siku moja tu na wanaopenda kuuliza, mimi ningelipa bila kujuta.

*Mimi ni mwalimu wa historia. Katika vitabu tulivyosoma, Granada hutajwa kwa mwaka mmoja tu, 1492. Nimepata nafasi ya kwenda, na nimekwisha kumlipa mwongozaji wa saa tatu. Nimwombe anionyeshe nini ili nisirudi na picha za nguzo peke yake?*

Mwalimu, umefanya vema kuandika mapema, kwa maana ombi kubwa ninalokushauri umpelekee linahitaji maandalizi. Muulize kama anaweza kusoma Kiarabu kilichoandikwa kutani, na kama hawezi, mwombe akutafutie mwenzake anayeweza. Alhambra ni jengo la kusomwa. Maandishi yake ni ya kuhesabiwa kwa maelfu. Aya za Kurani na mashairi ni sehemu ndogo tu, na sehemu kubwa ni dua fupi za baraka, sifa za masultani na kaulimbiu ya ukoo, *Wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Kaulimbiu hiyo imerudiwa juu ya milango, kandokando ya madirisha na kwenye nguzo, mpaka jicho lililochoka huanza kuiona kama ua la nakshi tu.

Ili uelewe uzito wake, anzeni Alcazaba, ile ngome ya upande wa magharibi ambayo ndiyo sehemu kongwe zaidi, na mwombe mwongozaji akupeleke juu ya mnara wa Torre de la Vela ambako nchi yote ya chini inaonekana. Muhammad wa Kwanza, maarufu kwa jina la Ibn al-Ahmar, aliingia Granada mwaka 1238, wakati Córdoba ilikuwa imeanguka mikononi mwa Wakristo wa Castilla miaka miwili kabla. Mwaka 1246 aliukabidhi mji wa Jaén kwa Mfalme Fernando wa Tatu wa Castilla, ufalme wa Kikristo wa kaskazini, akakubali kuwa chini yake na kumlipa kodi, na miaka miwili baadaye askari wake walikuwa upande wa Castilla ilipotekwa Sevilla, mji wa Waislamu wenzake. Masimulizi ya Granada yanasema kwamba aliporudi watu walimlaki wakimwita mshindi, naye akawajibu kwa maneno ya kaulimbiu hiyo. Iwe aliyasema au hakuyasema, ufalme ulioishi miaka zaidi ya 250 kwa ushuru, mikataba na ndoa za kisiasa, ukizungukwa na adui aliyekuwa pia bwana wake, ndio ulioyaandika maneno hayo kila mahali. Ukiyatazama baada ya kushuka kutoka mnarani, utayasoma tofauti.

Kisha mwende katika jumba la Comares, lililopewa sura yake kuu na Yusuf wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1354. Ukumbi wa Mabalozi umo ndani ya mnara wa mita 45, una pande za mita 11 hivi na kimo cha takriban mita 18, na hapo ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote. Mwombe mwongozaji akusimamishe mahali alipokuwa akisimama balozi, ukielekea kidaka cha katikati cha ukuta wa kaskazini alichoketi sultani na dirisha likiwa nyuma yake, uone jinsi mwanga wenyewe ulivyomsaidia mwenye nyumba. Baada ya hapo inua macho. Dari hiyo imeungwa kwa vipande vya mbao zaidi ya 8,000, vilivyopangwa kuwa nyota juu ya nyota kwa ngazi saba, na chini yake, kuzunguka ukumbi mzima, imeandikwa Suratul Mulk, sura inayomtaja aliyeziumba mbingu saba kwa tabaka. Sultani aliketi chini ya maneno yasemayo kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Mungu, na balozi wa Castilla, hata kama hakuyaelewa, alikuwa chini yake vilevile.

Jumba la Simba ni kazi ya Muhammad wa Tano, mwana wa Yusuf, aliyepinduliwa mwaka 1359, akakimbilia Fez nchini Moroko na kurudi kwenye kiti mwaka 1362. Hapo ndipo mashairi yanapotawala, na msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuona utungo ukipewa heshima, atajisikia nyumbani zaidi kuliko wageni wengi. Kuta huzungumza kwa nafsi ya kwanza. Katika Ukumbi wa Dada Wawili, shairi linalozunguka juu ya vigae linajitambulisha kuwa bustani iliyopambwa, na linamwalika mtazamaji autazame uzuri wake. Kwenye ukingo wa bakuli linalobebwa na simba 12 wa marumaru, shairi jingine linasema kwamba maji na jiwe vimefanana hata mtu hatambui ni kipi kinachotiririka. Mtunzi wa yote mawili ni Ibn Zamrak, mtoto wa familia isiyo na jina ya mtaa wa Albaicín, ng'ambo ya bonde, aliyesomeshwa na waziri na mwanachuoni mkubwa Ibn al-Khatib. Mwalimu huyo aliangukiwa na ghadhabu ya watawala, akanyongwa gerezani Fez mwaka 1374, na mwanafunzi wake, ambaye alikuwa miongoni mwa waliomshtaki, ndiye aliyekuwa amekalia uwaziri wake; naye Ibn Zamrak aliuawa katika miaka ya 1390. Mwongozaji akikupitisha kwenye beti hizo bila kukueleza habari hii, mwombe asimame aieleze, kwa sababu mtu hawezi kuusikia utulivu wa mashairi yale sawasawa bila kujua walivyoishi watunzi wake.

Kuhusu 1492 sitaandika mengi kwa kuwa unayafahamu: mkataba wa Novemba 1491, funguo za mji zilizokabidhiwa tarehe 2 Januari na sultani wa mwisho, Muhammad wa Kumi na Mbili, ambaye Wahispania humwita Boabdil, kwa watawala Wakristo Isabel na Fernando, na amri ya kuwafukuza Wayahudi iliyotolewa mjini humo tarehe 31 Machi. Muombe tu mwongozaji akupeleke kwenye kanisa la Santa María, lililojengwa mahali ulipokuwa msikiti mkuu wa Alhambra. Mkataba uliwaahidi Waislamu kubaki na dini yao na misikiti yao. Kuanzia 1499 walianza kubatizwa kwa nguvu. Hamamu la msikiti huo bado lipo kando ya barabara, na makundi mengi hulipita bila kuligeukia.

Jambo moja la ziada, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika Granada karibu mwaka 1350, enzi ya Yusuf. Hakuonana na sultani kwa kuwa alikuwa mgonjwa, lakini mama yake sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Hapo Granada alikutana na kijana Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyemwandikia habari za safari zake, zikiwamo za pwani ya Afrika Mashariki.

*Mwongozaji tuliyemlipa alituonyesha madoa mekundu ndani ya bakuli la marumaru katika Ukumbi wa Abencerrajes, akasema ni damu ya mashujaa waliochinjwa na sultani. Watoto wangu hawakulala vizuri. Je, ni kweli?*

Si damu, mzee wangu. Ni kutu ya chuma iliyoingia katika jiwe. Ukoo wa Banu Sarraj, ambao Wahispania huuita Abencerrajes, ulikuwapo kweli na uliingia sana katika ugomvi wa kugombea kiti cha usultani katika karne ya 15, lakini kisa cha kuchinjwa kwao ndani ya ukumbi ule kilienea kwa njia ya hadithi zilizotungwa baada ya ufalme kuanguka. Ndivyo ilivyo pia kwa kisa cha Boabdil kulia akiwa kilimani na mama yake kumkemea: ni hadithi inayopendwa sana, iliyosimuliwa zaidi na walioshinda.

Mimi simlaumu mwongozaji kwa kusimulia ngano, maana ngano nazo ni sehemu ya maisha ya mahali. Ninachomdai ni aseme wazi kwamba ni ngano, hasa anapolipwa na familia moja yenye nafasi ya kuuliza. Kosa lililo kubwa zaidi ni kwamba, akiwainamisha watoto juu ya bakuli, amewanyima dari. Juu yao palikuwa na nyota yenye ncha nane, iliyojazwa mukarnasi, yaani vipande vya jasi vilivyoninginizwa safu kwa safu kama masega ya nyuki, na madirisha yaliyowekwa chini yake ili mwanga ubadilike kadiri jua linavyozunguka. Maajabu ya kazi hiyo ni kwamba imetokana na maumbo machache tu ya vipande, yanayorudiwa na kugeuzwa. Ile ya Ukumbi wa Dada Wawili, ng'ambo ya ua, ina vipande zaidi ya 5,000. Mtoto akiambiwa atafute umbo moja kisha alihesabu linapojirudia, atasimama hapo akitazama juu mpaka umvute mkono. Na akikaribia kuta, mwambie atafute chembe za buluu na nyekundu zilizosalia katika mifereji ya nakshi, kwa kuwa kuta hizo tunazoziona zimepauka zilikuwa na rangi kali na dhahabu. Atafute kwa macho lakini asiguse, maana mafuta ya vidole huila jasi polepole, na wageni ni wengi mno.

*Mimi ni fundi wa mabomba. Nimeona picha za Alhambra na kila ua una maji, ilhali iko kilimani na mto uko chini bondeni. Maji yalipandaje pasipo pampu? Na je, mwongozaji wa kawaida anaweza kunieleza hayo?*

Hayakupanda, fundi, yalishuka. Mto Darro unapita chini ya kilima, lakini mafundi wa Muhammad wa Kwanza hawakuyachota hapo. Walikwenda kilomita 6 hivi juu ya mto, mahali ulipo juu kuliko kasri, wakayageuzia maji katika mfereji unaofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, huku mto wenyewe ukiporomoka kwa kasi bondeni. Kufikia Alhambra, mfereji ulikuwa umeuacha mto mbali chini. Unaitwa Acequia Real, yaani mfereji wa kifalme, na kabla ya kuingia ngomeni unapita Generalife, makazi ya mapumziko ya masultani, ambako umefanywa mhimili wa ua mzima. Bila mfereji huo kilima cha Sabika kingebaki kuwa ngome kavu ya askari, kisingeweza kuwa mji wenye misikiti, hamamu na bustani.

Kwa jicho lako la ufundi, nakuomba utazame ncha mbili za hodhi ya Ua wa Mihadasi. Hodhi hiyo ina urefu wa mita 34 hivi na upana wa mita 7, na kazi yake ni kuwa kioo cha mnara wa Comares, kwa hiyo uso wake haupaswi kutikisika. Lakini maji yasiyoingia mapya huoza. Waliitatua shida hiyo kwa bakuli la marumaru la duara, lililolazwa sakafuni kila upande, ambamo maji hububujika taratibu, kisha hupita katika kijia chembamba kilichochongwa kwenye jiwe kiasi cha kuvunjiwa nguvu yake, na kuteleza ndani ya hodhi pasipo kufanya wimbi. Wageni wengi huyaruka mabakuli hayo wakiwahi kupiga picha. Chuchumaa hapo, ufuate maji kwa macho kutoka yanapozaliwa hadi yanapotulia, nawe utaona kazi ya mtu aliyejua kila kitu unachokijua na asiye na valvu.

Huko Generalife, ngazi zilizo bustanini juu zina maji yanayoteremka juu ya kuta za kushikia mkono, ili anayepanda apoze kiganja. Lakini usidanganyike na mishipi ya maji inayorushwa kutoka kingo mbili katika ua mkuu, ile inayopamba kadi zote za posta: iliongezwa katika karne ya 19, na maji ya masultani yalikuwa kimya zaidi. Mwongozaji asiyejua hilo hawezi kukufaa sana katika somo lako, na swali hilo moja, ukimwuliza kabla ya kumlipa, litakupa kipimo chake. Wapo walioshughulika na historia ya mifereji hasa, na wakala akielezwa mapema kwamba hilo ndilo unalolifuata anaweza kukupatia mmoja wao na kupanga muda mrefu zaidi Generalife kuliko makasrini.

*Je, kasri la Carlos wa Tano linafaa kuingizwa katika ziara au tuliruke?*

Mliingie, lakini lisiwachukue zaidi ya robo saa ya mwongozaji wenu, kwa kuwa kuliingia ni bure na mnaweza kulirudia wenyewe. Lilianzwa mwaka 1527 na mjukuu wa wale waliopokea funguo za mji, kwa ramani ya Pedro Machuca: mraba kwa nje na ua wa duara kwa ndani, kazi nzuri yenye ubaridi wake, isiyojali majirani zake. Sehemu ya gharama ilitokana na kodi waliyotozwa Wamorisko, wazao wa Waislamu waliobatizwa. Walipoasi mwaka 1568 kazi ikasimama, na paa lilikuja kukamilishwa karne ya 20.

*Nataka kumpeleka mama yangu, ambaye ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Ameitamani Alhambra tangu ujana. Je, ataweza?*

Ataweza kuona yaliyo bora, mwanangu, ikiwa utakubali mapema kwamba hataona yote. Alhambra ni mji mzima wenye ukuta, na kutoka lango la tiketi hadi makasri ya Wanasri peke yake ni mwendo wa takriban dakika 15 kwa mtu mwenye miguu mizima. Hapa ndipo mwongozaji binafsi anapokuwa msaada hasa kuliko fahari. Mkiwa na tiketi tayari hamlazimiki kupitia lango hilo la juu. Mabasi madogo ya C30 na C32 hupita karibu na Puerta de la Justicia, lango lililojengwa na Yusuf wa Kwanza mwaka 1348, na lipo pia Puerta de los Carros, ambalo ni jepesi zaidi kwa magoti na hutokea karibu na kasri la Carlos wa Tano, hatua chache kutoka makasrini. Mwambie mwongozaji hali ya mama kwa uwazi wote, si kwamba „anatembea polepole“ tu, bali ni ngazi ngapi anaweza kupanda bila maumivu.

Chagueni zamu ya asubuhi na mapema, maana Granada wakati wa kiangazi huwaka, na mawe ya nyua hizo hurudisha joto. Aende msalani kabla ya kuingia makasrini. Mwacheni akae katika ukumbi wowote utakaomvutia, wala msimwonee haya anayesubiri nyuma. Torre de la Vela msimpeleke, kwa sababu ngazi zake ni nyembamba. Huko nenda wewe na mwongozaji mmsimulie. Ipo njia iliyotengwa kwa viti vya magurudumu, ambayo haifiki kila pembe lakini inafika kwenye mengi, na ni vyema mwongozaji aithibitishe siku iliyotangulia kwa kuwa matengenezo huifunga njia hii au ile bila taarifa ndefu. Bustani za chini za Generalife ziwekwe mwisho, baada ya mapumziko, na kama amechoka ziachwe. Atakuwa ameuona Ua wa Simba, na hilo ndilo alilolitamani.

*Tiketi za siku zetu zimekwisha kabisa, na safari tumekwisha kuilipia. Tumekosa?*

Hamjakosa, ila msinunue kwa mtu wa barabarani, kwani tiketi yenye jina la mwingine haitawaingiza. Anzeni na tovuti rasmi na muirudie mara kwa mara, asubuhi na usiku, kwa sababu nafasi hurudishwa. Angalieni pia ziara ya usiku ya makasri ya Wanasri, ambayo huuzwa peke yake na wengi huisahau. Nakshi za jasi zikimulikwa kwa pembeni huonyesha kina ambacho jua la mchana hukifuta. Wakala waliosajiliwa nao huweza kubaki na nafasi ndani ya ziara zao hata pale tiketi za kawaida zinapokuwa zimekwisha, na hii ni sababu moja ya haki kabisa ya kulipia mwongozaji. Kama hata hizo hazipo, iko tiketi ya Alcazaba, bustani na Generalife pasipo makasri, nayo huchelewa kuisha.

Zaidi ya hayo, sehemu ya kilima ni wazi kwa yeyote: Puerta de la Justicia, kasri la Carlos wa Tano, na Makumbusho ya Alhambra yaliyomo ndani yake, ambako limewekwa gudulia kubwa lililochorwa wanyama aina ya swala, la kauri ya buluu na dhahabu, mojawapo ya kazi bora zilizosalia za wafinyanzi wa Wanasri. Mjini chini ipo Madraza, chuo alichokianzisha Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, ambacho chumba chake cha sala bado kina mihirabu yake. Ipo Corral del Carbón, nyumba ya kulala wafanyabiashara ya karne ya 14. Na lipo hamamu la Bañuelo kando ya Darro, ambalo ni kongwe kuliko makasri ya Wanasri yenyewe. Mkipanda Albaicín hadi uwanja wa San Nicolás mtaiona ngome nzima mbele yenu, na kando ya uwanja huo upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wenye bustani inayotazama upande huohuo. Mwongozaji mwenye kibali anaweza kuwatembeza kote huko kwa nusu siku; tafuteni kwanza tiketi ya usiku, kisha ndipo mpange naye saa, ili mteremko wa Albaicín uwaishie karibu na Plaza Nueva, inapoanza njia ya Cuesta de Gomérez inayopanda tena kilimani.